Warajput wa India: watoto wa wafalme walitoka wapi?

Tarehe 3 Januari 1963, askari wa India waliovaa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa waliingia katika mji wa Jadotville, unaoitwa leo Likasi. Walikuwa wametoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa, kwa kazi ya kumaliza utengano wa Katanga. Njiani walipambana na jandarmeri ya Katanga pamoja na mamluki wa kizungu, na baadhi yao walipoteza maisha. Kati ya vikosi hivyo vya India kulikuwa kimoja kinachoitwa Rajputana Rifles.

Rajputana maana yake ni nchi ya Warajput. Si kila askari wa kikosi kile alikuwa Mrajput, maana kinaandikisha pia Wajat na watu wa jamii nyingine. Lakini jina walilolibeba hadi Katanga lina historia ya zaidi ya miaka elfu moja. Ni historia ya koo za wapiganaji zilizotawala sehemu kubwa ya kaskazini na magharibi mwa India, zikajenga ngome juu ya milima, zikapigana na wageni na kupigana zenyewe kwa zenyewe. Pia ni historia ya swali moja ambalo halijaisha hadi leo: watu hawa walitoka wapi, na nani aliwapa haki ya kutawala?

Jina na maana yake

Neno Rajput linatoka katika lugha ya kale ya Kisanskriti, rajaputra, yaani mtoto wa mfalme. Mkaaji wa Kivu angesema mtoto wa mwami. Katika maandishi ya zamani sana neno hilo lilikuwa na maana hiyo tu: kijana aliyezaliwa katika nyumba ya mfalme. Halikuwa jina la kabila wala la ukoo.

Kuanzia karne ya 11 na ya 12, neno likapanuka. Maandishi yaliyochongwa kwenye mawe na kwenye bamba za shaba yanaonyesha watu wanaoitwa rajaputra ambao hawakuwa wana wa mfalme hata kidogo. Wengine walikuwa wakuu wa vijiji vichache. Wengine walikuwa wapanda farasi waliopewa shamba kwa ajili ya utumishi wao vitani. Polepole jina la cheo likawa jina la jamii nzima. Kufikia karne ya 16, Mrajput alikuwa mtu anayezaliwa Mrajput, na milango ya kuingia ilikuwa inafungwa.

Hapo ndipo kwenye kiini cha mambo. Mtu akisema yeye ni mtoto wa mfalme, watu watamuuliza: mfalme gani? Kila ukoo ulipaswa kuwa na jibu.

Jua, mwezi na moto

Majibu hayo yamepangwa katika makundi matatu. Koo za kwanza hujiita wana wa jua. Hao husema wametoka kwa Rama, mfalme wa Ayodhya anayeheshimiwa na Wahindu kama mungu. Koo za pili ni wana wa mwezi, na baadhi yao husema wametoka kwa Krishna. Koo za tatu ni wana wa moto.

Hadithi ya moto ndiyo inayosimuliwa zaidi. Inasema kwamba juu ya mlima Abu, kusini mwa Rajasthan ya leo, mtawa mmoja wa kale aitwaye Vashistha aliwasha moto wa sadaka. Kutoka katika moto ule akatokea shujaa aliyekuja kuwalinda watakatifu dhidi ya maadui zao. Katika masimulizi ya baadaye mashujaa wakawa wanne, na kila mmoja akawa baba wa ukoo: Pratihara, Paramara, Chaulukya ambao pia huitwa Solanki, na Chauhan.

Wasimulizi husema pia kwamba koo za kifalme za Warajput ni 36. Hesabu hiyo inajulikana sana, lakini orodha zenyewe hazifanani. Ukoo ulio kwenye orodha moja unaweza kukosekana kwenye nyingine. Namba ilibaki palepale, majina yakabadilika.

Mawe yanasema jambo jingine

Wanahistoria walipoanza kusoma maandishi ya mawe, waliona kwamba hadithi za asili zina umri wake, na kwamba mara nyingi umri huo ni mdogo kuliko ukoo wenyewe.

Chukua hadithi ya moto. Inaonekana kwanza mwanzoni mwa karne ya 11, katika kitabu cha mshairi Padmagupta, aliyeishi kwenye baraza la wafalme wa Paramara. Naye anawataja Waparamara peke yao. Koo nyingine tatu ziliongezwa baadaye, hasa kupitia utenzi mrefu wa Prithviraj Raso, na hata nakala za zamani zaidi za utenzi huo hazina hadithi ya mashujaa wanne.

Wapratihara nao wanaonyesha jambo hilo. Jiwe la mwaka 837 lililopatikana eneo la Mandore, karibu na Jodhpur, linasema kwamba babu wa tawi la huko alikuwa Harichandra, Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani. Alioa wake wawili, mmoja wa tabaka lake na mwingine wa tabaka la wapiganaji. Watoto wa yule mke wa pili ndio wakawa Wapratihara. Lakini tawi lingine la jina hilohilo, lililokuwa na nguvu zaidi, liliandika huko Gwalior kwamba limetoka kwa Lakshmana, mdogo wake Rama, kwa sababu alikuwa mlinzi wa mlango wa kaka yake. Neno pratihara lina maana ya mlinzi wa mlango. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja moto.

Wachauhan wana majibu matatu. Jiwe la Bijolia la mwaka 1170 linamtaja babu yao kuwa Mbrahmani. Shairi la sifa lililotungwa kwa ajili ya mfalme wao Prithviraja wa tatu linawapeleka kwenye jua. Utenzi wa Raso unawatoa kwenye moto. Ukoo ni mmoja, asili ni tatu.

Nao Waguhila wa Mewar, ambao leo husifiwa kama wakubwa wa wana wote wa jua, wana jiwe la mwaka 977 linalosema kwamba mwanzilishi wao, Guhadatta, alitoka katika familia ya Kibrahmani ya mji wa Anandapura, huko Gujarat.

Je, watu hawa walikuwa wageni?

Kuna wakati wataalamu wengi walidhani wamepata jibu. James Tod, afisa wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki aliyefanya kazi katika nchi hiyo kati ya 1818 na 1822, aliandika vitabu viwili vikubwa juu ya Rajasthan, kimoja mwaka 1829 na cha pili mwaka 1832. Kwake, Warajput walikuwa wajukuu wa Waskithi, wapanda farasi waliotoka Asia ya Kati. Alilinganisha kupenda kwao farasi, silaha na jua na desturi za watu hao. Baadaye mtaalamu wa India, D. R. Bhandarkar, naye alitetea kwamba baadhi ya koo zilitoka kwa wageni walioingia India baada ya dola ya Wagupta kudhoofika. Hadithi ya moto, walisema watu wa upande huo, ilikuwa sherehe ya kuwatakasa wageni ili wakubaliwe.

Wengine walikasirika. G. H. Ojha, mwanahistoria wa Rajasthan, aliandika kwamba Warajput ni damu ileile ya wapiganaji wa kale wa India, na kwamba kuwaita wageni ni kosa.

Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi, kila upande ukitafuta damu. Kisha watafiti wa karne ya 20, hasa B. D. Chattopadhyaya, waligeuza swali. Badala ya kuuliza Warajput walitoka wapi, waliuliza: mtu alifanyaje ili awe Mrajput?

Jibu lao linaanzia kwenye ardhi. Kati ya karne ya 7 na ya 12, Rajasthan ilikuwa nchi kavu yenye nafasi nyingi, na juu yake waliishi wafugaji, wawindaji na wakulima wadogo. Kiongozi mwenye farasi na watu wake aliteka bonde. Akajenga ngome juu ya kilima. Visima vikachimbwa, mashamba yakaongezeka, ushuru ukaanza kuingia. Hapo akawaita Wabrahmani, akawapa vijiji na kuwajengea hekalu. Nao wakamwandikia nasaba inayofaa mtu wa cheo chake. Akaoa binti wa mkuu jirani, akamwoza wa kwake. Baada ya vizazi vitatu au vinne, hakuna aliyekumbuka tena kwamba babu alikuwa mfugaji, au mtumishi wa mfalme mwingine. Upanga na ardhi vilitangulia, kisha ukoo wa kifalme ukafuata nyuma.

Kwa maelezo hayo, si lazima Warajput wawe wa damu moja. Baadhi ya koo zilitoka kwa Wabrahmani kama mawe yanavyosema, nyingine kwa wafugaji wa Kigurjara, nyingine kwa wenyeji wa msituni. Wachandela, wale waliojenga mahekalu maarufu ya Khajuraho katika karne ya 10 na ya 11, walijiita wana wa mwezi, lakini watafiti kadhaa wanawahusisha na Wagond, wenyeji wa misitu ya India ya kati.

Alama ya damu kwenye paji la uso

Ardhi ile haikuwa tupu. Milima ya Aravalli ilikuwa ya Wabhil, watu wa upinde na mshale. Eneo la Amber, jirani na Jaipur ya leo, lilikuwa mikononi mwa wakuu wa Wamina kabla ya ukoo wa Kachwaha kuwanyang'anya.

Masimulizi ya Mewar yenyewe hayafichi jambo hilo. Yanasema kwamba mwanzilishi wa ukoo alilelewa na Wabhil msituni, na kwamba Mbhil ndiye aliyekata kidole chake na kumpaka damu kwenye paji la uso ili kumtawaza. Kwa muda mrefu watawala wa Mewar walipokea alama hiyo kutoka kwa mkuu wa Wabhil siku ya kutawazwa kwao. Hata nembo ya ufalme huo ina watu wawili waliosimama, Mrajput upande mmoja na Mbhil upande mwingine.

Desturi hiyo inaeleza mengi. Mwenye ngome alihitaji baraka ya mwenye msitu. Alama ya damu ilikuwa kukiri kwamba kuna watu waliotangulia. Lakini sherehe ikiisha, mfalme alirudi kwenye kiti chake na Mbhil alirudi mlimani. Hakuna Mbrahmani aliyemwandikia Mbhil nasaba ya jua.

Wafalme wakubwa wa mwanzo

Dola ya kwanza kubwa ya koo hizi ilikuwa ya Wapratihara. Katika karne ya 8 mfalme wao Nagabhata wa kwanza aliwarudisha nyuma majeshi ya Waarabu yaliyokuwa yametoka Sindh. Mfalme Bhoja, aliyetawala kuanzia mwaka 836 hivi kwa karibu miaka 50, aliishi Kannauj na kushika sehemu kubwa ya kaskazini mwa India. Dola hiyo ikadhoofika, na mwaka 1018 Mahmud wa Ghazni akaiteka Kannauj na kuipora.

Mahali pake pakajitokeza falme nyingi: Wachauhan huko Ajmer, Waparamara huko Malwa, Wachaulukya huko Gujarat, Watomara huko Delhi. Zote zilipigana. Mwaka 1191, Prithviraja wa tatu wa Wachauhan alimshinda Muhammad wa Ghor katika uwanja wa Tarain, kaskazini mwa Delhi. Mwaka uliofuata, 1192, Muhammad alirudi. Katika uwanja uleule Prithviraja alishindwa, na baada ya hapo akauawa. Mwaka 1194 ikawa zamu ya Jayachandra, mfalme wa Gahadavala aliyetawala upande wa Kannauj na Banaras. Usultani wa Delhi ukaanza.

Kushindwa huko hakukumaliza koo hizo. Kulizisukuma kwenye jangwa na milima, na huko zikaanza upya. Wabhati, wana wa mwezi, walikuwa tayari wamejenga Jaisalmer katikati ya jangwa mwaka 1156. Warathore, wanaodai kuwa uzao wa Jayachandra, walifika eneo la Pali na mkuu wao Siha, ambaye jiwe la kaburi lake ni la mwaka 1273. Uzao wake Jodha alijenga Jodhpur mwaka 1459, na Bika, mwana wa Jodha, akaenda kutafuta chake mwenyewe na kuanzisha Bikaner mwaka 1488.

Ndivyo falme zilivyozaliana. Baba alikuwa na wana wengi, kiti kilikuwa kimoja. Mwana asiyerithi alipewa vijiji vya kula, au alichukua farasi na wenzake akaenda kuteka pengine.

Mewar, ngome isiyotaka kupiga magoti

Jina lililovuma kuliko yote ni Mewar, yenye ngome ya Chittor. Tawi la Sisodia, lililoitwa hivyo kwa jina la kijiji cha Sisoda, lilishika ufalme huo katika karne ya 14. Rana Kumbha, katika karne ya 15, alijenga ngome kubwa ya Kumbhalgarh. Rana Sanga aliunganisha wakuu wengi wa Kirajput, lakini mwaka 1527 alishindwa huko Khanwa na Babur, mwanzilishi wa dola ya Wamughal, aliyekuja na mizinga.

Chittor yenyewe ilianguka mara tatu: mwaka 1303 mbele ya sultani Alauddin Khalji, mwaka 1535 mbele ya Bahadur Shah wa Gujarat, na mwaka 1568 mbele ya Akbar. Masimulizi yanakumbuka kila anguko kwa jambo linaloitwa jauhar. Wanaume walipojua kwamba hakuna tumaini, walitoka kwenda kufa vitani, na wanawake wakaingia motoni ili wasitekwe. Washairi walisifu jambo hilo kwa vizazi vingi. Lakini sifa zote zilitungwa na walionusurika. Sauti ya waliochomwa haikuandikwa.

Wakati huohuo, wafalme wengine wa Kirajput walichagua njia tofauti. Mwaka 1562, Bharmal, mkuu wa Kachwaha wa Amber, alimwoza Akbar binti yake. Binti huyo ndiye mama wa mfalme Jahangir. Jahangir naye alioa binti wa Warathore wa Jodhpur, akamzaa Shah Jahan, aliyejenga Taj Mahal. Kwa njia hiyo damu ya Kirajput ikaingia kwenye kiti cha Wamughal, na wakuu wa Kirajput wakawa majenerali na magavana wa dola.

Basi vita vya Haldighati vya mwezi Juni 1576 haviwezi kusimuliwa kama vita vya dini. Upande mmoja alikuwa Maharana Pratap wa Mewar, aliyekataa kumtii Akbar. Upande wa pili, jeshi la Akbar liliongozwa na Man Singh wa Amber, Mrajput. Na katika jeshi la Pratap, mmoja wa makamanda wakuu alikuwa Hakim Khan Sur, Mwislamu wa asili ya Afghanistan, pamoja na wapiga mishale wa Kibhil. Pratap alilazimika kuondoka uwanjani, lakini hakukamatwa. Aliendelea kupigana kutoka milimani, akarudisha sehemu kubwa ya nchi yake isipokuwa Chittor, na akafa mwaka 1597 bila kupiga magoti. Mwanaye Amar Singh alifanya amani na Wamughal mwaka 1615.

Wanaotunza majina

Nguvu ya ukoo ilihitaji kumbukumbu. Kazi hiyo ilikuwa ya Wacharan na Wabhat, washairi na watunza nasaba wa kurithi. Walitembea kutoka nyumba hadi nyumba, wakaandika vizazi na ndoa katika vitabu vyao, wakasifu mashujaa na kuwaaibisha waoga. Mkuu aliwalipa kwa ng'ombe, farasi, hata vijiji. Mkono mtupu haulambwi: aliyetoa sana alisifiwa sana, na asiye na kitu hakuwa na wa kumwandikia.

Katika karne ya 17, Nainsi, waziri wa ufalme wa Jodhpur, alikusanya masimulizi ya koo nyingi kitabuni. Pia aliorodhesha vijiji vya Marwar na mapato yake. Mtu yuleyule aliandika nasaba na ushuru. Si ajabu, kwa sababu mambo hayo mawili yalikwenda pamoja: kujua babu wa mtu kulikuwa kujua shamba lake.

Ndoa nayo ilikuwa siasa. Mrajput haoi ndani ya ukoo wake, na familia hutaka kumwoza binti kwa nyumba yenye cheo sawa au zaidi. Mara nyingi mzigo ulimwangukia msichana. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Krishna Kumari, binti wa mtawala wa Mewar. Wafalme wa Jodhpur na Jaipur walimgombea kwa ajili ya heshima, hadi majeshi yakaingia vitani. Nchi ilipokosa amani, na watu wenye silaha walipotishia, nyumba yake mwenyewe ilimpa sumu mwaka 1810. Alikuwa na umri wa miaka 16.

Si wote walionyamaza. Mirabai, binti wa Warathore wa Merta aliyeolewa katika nyumba ya Mewar katika karne ya 16, aliacha mambo ya jumba la kifalme na kumwimbia Krishna. Nyimbo zinazobeba jina lake bado zinaimbwa na watu wa kawaida India nzima.

Waingereza, jeshi na mwisho wa viti

Kufikia mwanzo wa karne ya 19, falme za Rajputana zilikuwa zimechoka. Wamaratha waliwatoza fedha mwaka kwa mwaka, na ndugu waliuana kwa kugombea viti. Mwaka 1817 na 1818, watawala wengi walitia sahihi mikataba na Kampuni ya Kiingereza. Walibaki na mataji yao, lakini mambo ya nje na vita yakawa mikononi mwa Waingereza.

Waingereza walipenda habari za asili zilizoandikwa na Tod. Wakagawa watu wa India katika jamii za kivita na zisizo za kivita, na wakawaweka Warajput katika kundi la kwanza. Jina la zamani la heshima likawa jina la kuandikishia askari. Ndiyo sababu kikosi cha 13th Rajputs kilijikuta Tanga, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, mwezi Novemba 1914, kikiwa kati ya majeshi ya Uingereza yaliyoshindwa na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck na askari wao Waafrika. Karibu miaka 50 baadaye, katika jeshi la India huru, Rajputana Rifles walifika Katanga.

Uhuru wa 1947 ulimaliza utawala wa koo. Falme ziliunganishwa hatua kwa hatua, na tarehe 30 Machi 1949 jimbo kubwa la Rajasthan lilizinduliwa, Jaipur ikiwa mji mkuu wake. Sheria ya mwaka 1952 ikaanza kuwaondolea wakuu mashamba makubwa waliyokula kwa urithi. Mwaka 1971 serikali ya India ikafuta posho na vyeo vya wafalme wa zamani. Baadhi ya majumba yao yakageuzwa hoteli za watalii.

Lakini jina halikufutwa. Leo kuna Warajput Wahindu na Warajput Waislamu, kama Wakyamkhani, ambao wanamtaja babu wa Kichauhan aliyeingia Uislamu. Wako India na wako Pakistan. Huko Umarkot, upande wa Pakistan, ukoo wa Kihindu wa Sodha bado unajulikana kwa kuwa babu yao alimpa hifadhi mfalme wa Kimughal aliyekuwa mkimbizi, na Akbar akazaliwa hapo mwaka 1542.

Mabishano juu ya asili nayo yanaendelea. Jamii mbalimbali za India bado zinagombania wafalme wa kale kama Bhoja, kila moja ikisema ni wake, na kutaja mawe hayohayo. Watu hawabishani kwa kupenda historia tu. Anayekubaliwa kuwa mwenye asili hupata heshima, na nyuma ya heshima kuna viti na mashamba.

Mawe ya Mandore na Bijolia yanaonyesha kwamba nasaba iliandikwa na aliyekuwa tayari ameshika ngome. Alama ya damu ya Mbhil inaonyesha kwamba hata aliyeshika ngome alijua moyoni kuwa kulikuwa na watu kabla yake. Watoto wa wafalme wa India walizaliwa polepole, kutoka kwa watu wa kila namna, na wengi wa babu zao hawakuwa na mfalme yeyote nyumbani.